Nani alitengeneza zile klipu za Beat-Club zenye marangi?

mpiga_besi
Wakuu habari za saa hizi. Kuna zile video za zamani za bendi ya rock ya Black Sabbath zina nembo ya Beat-Club, kile kipindi cha muziki cha TV ya Ujerumani, jamaa wanapiga muziki halafu nyuma yao rangi zinajikoroga kama mafuta kwenye dimbwi. Miaka hiyo kompyuta ya kuedit hakuna, sasa nani alikuwa anafanya hayo na alifanyaje?

Mzee wa Santuri
Michael Leckebusch huyo mkuu, dairekta wa kipindi pale Radio Bremen, kituo cha Ujerumani. Jina lisikuchanganye, wana TV pia, ndo kituo kidogo kuliko vyote kwenye ARD, umoja wa vituo vya umma vya Ujerumani. Kipindi kilianza 25 Septemba 1965, na kabla hakijaanza akatokea mtangazaji Wilhelm Wieben, mkavu kabisa, anawaomba watu wazima wasiopenda muziki wa beat wavumilie tu 😂😂 Baadae huyohuyo akawa anasoma taarifa ya habari ya Tagesschau. Mrembo wa kuendesha kipindi alikuwa Uschi Nerke, mwanafunzi wa usanifu majengo, visketi vyake vifupi vilizua maneno

fundi_kamera
Kwenye swali la vipi: mwanzo ilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi zimeingia mwisho wa 1969 na hapo ndo Leckebusch akachizi kabisa. Bendi inasimamishwa mbele ya ukuta wa bluu, mitambo inaichukulia ile bluu kama tundu, halafu kwenye tundu inapachikwa picha kutoka kamera nyingine au mkanda. Yote inafanyika palepale studio, kwahiyo ukivaa shati la bluu kifua chako nacho kinageuka marangi. Leo watabiri wa hali ya hewa wanatumia ujanja huohuo ila ukuta wengi wameweka kijani

Dada Mkavu
Mi naona alizidisha bwana. Unataka uone vidole vya mpiga gitaa we unaletewa mapovu ya zambarau dakika tatu nzima

Mzee wa Santuri
@Dada Mkavu kweli ila zile za rangi bendi zinapiga laivu, hawafungui mdomo juu ya rekodi, hilo mpe. Itafute ya Kraftwerk, bendi ya Kijerumani, ya 1971, mwanzilishi mwenza wao Ralf Hütter hayupo kabisa, wako watatu tu. Beat-Club ilifungwa 1972, Leckebusch akahamia Musikladen, kipindi kingine cha muziki, mpaka 1984

mpiga_besi
Shukrani wakuu, hiyo ya Kraftwerk naishusha usiku bando likiwa rahisi