Naomba ushauri: pasipoti ya mama na viza ya Schengen

Habari zenu wakuu. Tuko Dar, mimi na mama tunaomba viza ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya) tukamwone dada Ujerumani, kisha tupite Ufaransa, siku sawa kila nchi. Pasipoti ya mama itaisha miezi miwili baada ya kurudi, na sharti ni ibaki na angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen. Bima ya euro 30,000 ipo. Miadi tumeshapata kwa namba ya pasipoti ya sasa, na kuipata ilikuwa kazi kweli. Nimepiga simu kuuliza, haipokelewi.

Akibadilisha pasipoti sasa, miadi ile itakubalika au tuanze upya? Na siku zikilingana hivi, tunaomba Ujerumani kwa kuwa tunashukia Frankfurt? Mama ni mtu mzima, sitaki asumbuke mara mbili.