Yah: Binti wa kazi, pasipoti imeshikwa. Nianzie wapi?

Mama Nasra, Reading

Habarini wanajumuiya, shikamooni wakubwa.

Naomba ushauri, ila tafadhali tusianze kukisia ni nani. Kuna binti anakaa kwa familia moja hapa mjini Reading, Uingereza, watu wa kwetu kabisa. Analea watoto watatu, anapika, anafua. Juzi kwenye shughuli alinifuata jikoni, akaniuliza kama mtu anaweza kusafiri pasipoti yake ikiwa kwa mwingine. Kabla sijamjibu, mwenye nyumba akaingia. Simu hana. Mshahara, anasema, "unawekwa". Baba Nasra ananiambia nisijitie kwenye mambo ya nyumba za watu. Sasa niite polisi, au nimwendee huyo mama tuyazungumze kike?

Mkalimani, Oxford

Mama Nasra, usimwendee huyo mama. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Kwetu mtu mwenye adabu huanza kwa kubisha hodi, najua. Lakini hodi hiyo itamshtua mwenye nyumba. Kesho yake binti anahamishiwa kwa "shangazi" mji mwingine, au anakatiwa tiketi ya usiku, au anapewa simu akuambie yuko salama na kwamba umemsingizia mama wa watu. Mnaikumbuka kesi ya Lydia Mugambe, jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda, tena jaji wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu hapa Oxford? Alimleta mwanamke kutoka Uganda akamtumikisha nyumbani bila ujira. Machi 2025 alitiwa hatiani, Mei akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 4. Moja ya makosa yake lilikuwa kula njama ya kumtisha shahidi. Polisi walipofika kwake Kidlington, karibu na Oxford, alidai kinga, Umoja wa Mataifa wakaiondoa. Waliopeleleza ni polisi wa Thames Valley, hao hao wa kwenu Reading. Kwa hiyo tusiambiane kwamba wenye vyeo hawaguswi.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Kama anapigwa au amefungiwa ndani, ni 999, namba ya dharura, bila kusubiri. Mtu asiyeweza kusema kwa simu ya mkononi akipiga 999 abonyeze 55 akiambiwa, ataunganishwa na polisi. Kama hakuna hatari ya papo hapo, mimi huwaambia watu wasianze na 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, maana anayepokea huko anaweza asiwe na uzoefu wowote wa mambo haya. Piga simu ya utumwa mamboleo inayoendeshwa na shirika la Unseen, 08000 121 700. Huhitaji kutaja jina lako, na wanaleta mkalimani. Salvation Army nao wana yao, 0800 808 3733, usiku na mchana. Hao ndio wenye mkataba wa serikali wa kuwahudumia watu wazima England na Wales tangu 2011. Eleza ulichokiona na ulichokisikia, si unachokihisi. Nani anashika pasipoti, binti anatoka lini, nani anampeleka, analala wapi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wetu hawalijui. Huyo ni mtu mzima, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwingiza kwenye NRM, ule utaratibu wa serikali wa kuwatambua waathirika, bila yeye mwenyewe kukubali. Polisi wanaweza kumwandikisha humo, halmashauri nayo, na mashirika machache yaliyopewa mamlaka hayo. Akikataa, polisi na halmashauri bado wanalazimika kuitaarifu Wizara ya Mambo ya Ndani bila jina lake, kwa mujibu wa kifungu cha 52 cha sheria ya utumwa mamboleo ya 2015. Akikubali, jibu la kwanza, la kama kuna sababu za kumdhania mwathirika, linatakiwa litoke ndani ya siku 5 za kazi pale inapowezekana. Likiwa zuri anapata angalau siku 30 za kupumzika, mahali salama pa kulala kama hana, mtu wa kumfuatilia, na hawezi kuondoshwa nchini muda huo. Jibu la pili, la kumthibitisha, ndilo linalochosha watu. Huchukua miezi mingi, na limewahi kupita mwaka.

Mzee wa Slough

Wanangu, marahaba.

Nimesoma yote. Sipingi sheria, lakini mmewahi kuona nyumba ikivunjwa mlango saa kumi na moja alfajiri mbele ya watoto? Mimi nimeona, jirani yangu. Miaka yote wazee tumekaa na watu wa namna hii, tukawatoa kidogo kidogo, mshahara ukalipwa, binti akarudi kwao na heshima yake. Polisi wa hapa akishaingia, anayeondoka kwa ndege mara nyingi ni yule maskini, tajiri anabaki. Tafakarini.

Mkalimani, Oxford

Mzee shikamoo, na nisamehe kwa kukujibu hadharani.

Hofu yako ya Uhamiaji si ya uzushi. Nchi hii haina ukuta kamili kati ya polisi na Uhamiaji, na Desemba 2020 wakaguzi wa polisi wenyewe walisema utaratibu wa kupeleka taarifa za waathirika wa ukatili wa nyumbani kwa Uhamiaji usimamishwe kwa kuwa unawafanya wasilalamike. Ndiyo maana nasema apate kwanza shirika na mwanasheria, ili akienda polisi aende na mtu.

Ila kikao cha wazee, Mzee wangu, hulipa mshahara wa miezi mitatu na kufuta wa miaka miwili. Tena nani anakaa kikaoni? Mwenye nyumba ndiye aliyechangia paa la msikiti. Binti hana hata mjomba pale. Nimekaa kwenye vyumba vya polisi nikitafsiri, na swali la kwanza la binti karibu kila mara ni kama jumuiya imeshajua.

Dada wa Leicester

Naomba niongeze kwa walezi wa wazee, maana huku kwetu ndiyo habari ya mjini. Viza ya kazi ya ulezi ilifunguliwa Februari 2022 na ikafungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Hapo katikati mawakala walijaza mifuko. Watu walilipa mamilioni ya shilingi kwa hati ya udhamini, wakafika wakakuta hakuna saa za kazi, au wanakatwa mshahara "kufidia gharama". Kampuni ikinyang'anywa leseni, mfanyakazi hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine. Wengi hawasemi kwa sababu ya hizo siku 60. Lakini kutishiwa viza ili uendelee kufanya kazi ni dalili ambayo Unseen wanaijua vizuri, kwa hiyo pigeni mkiwa bado kazini, kabla ya barua kuja.

Kwa wa kazi za nyumbani wenye viza ya wafanyakazi wa ndani: hiyo ni miezi 6 na anaruhusiwa kubadili mwajiri ndani yake, chochote atakachoambiwa na tajiri wake. NRM ikimthibitisha, anaweza kuomba kukaa hadi miaka 2. Shirika la Kalayaan la London limefanya kazi na watu hawa tangu 1987.

Baba Farida, Milton Keynes

Mkumbuke na watoto. Mo Farah, yule mwanariadha wa Uingereza, mwenyewe alieleza Julai 2022 kwamba aliletwa akiwa na miaka 9 kwa jina la mtoto mwingine, akafanywa mtumishi wa nyumba. Alimwambia mwalimu wake wa michezo, mwalimu akawaita ustawi wa jamii, ndipo akachukuliwa na familia nyingine ya Kisomali. Jumuiya ilimsaidia, ndiyo, lakini baada ya shule kusema. Mtoto haombwi ridhaa ili aingizwe kwenye NRM. Na ukikaa na mtoto wa mwenzio wa chini ya miaka 16 asiye ndugu wa karibu kwa siku 28 au zaidi, lazima halmashauri ijue, hata kama mmepatana vizuri na wazazi.

Mama Nasra, Reading

Ahsanteni sana, na Mzee nimekuelewa. Nimeongea na Unseen asubuhi. Mwanamke mpole, hakuniharakisha. Swali moja: wakimfikia binti, mimi niwe mkalimani wake? Ananiamini.

Mkalimani, Oxford

Hapana, dada. Wewe unaweza kuwa shahidi, na ukitafsiri wakili wa upande wa pili atasema uliyatia maneno kinywani mwake. Kama utapata nafasi ya kumnong'oneza neno moja, mwambie aombe mkalimani wa Kiswahili asiyeishi Reading, kwa simu, na asitaje jina la kijiji chake mpaka ajue anayezungumza naye si ndugu wa mwenye nyumba. Akishahamishwa, usimtafute. Nyumba salama wanakopelekwa anwani zake ni siri, na mara nyingi ziko mji mwingine. Picha yake isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la dua.