Mwalimu wa nidhamu ndiye huyo huyo mnasihi (mshauri wa wanafunzi)? Hili la shule zetu limenichosha

Wakuu habari zenu. Nitaandika kwa hasira, mnivumilie.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, bweni, shule ya serikali hapa Tanzania (jina naliacha, sitaki wamfuatefuate mtoto). Mama yake, dada yangu, alifariki likizo ya Juni. Shule ilipofunguliwa binti akarudi, akawa hali chakula vizuri, usiku halali, darasani anaitwa jina haitiki. Wakaandika "jeuri". Akala fimbo. Alipozidi, baba yake akapigiwa simu: njoo umchukue, mtoto ana mapepo.

Nikaenda na shemeji. Nikauliza, hapa hakuna mtu wa unasihi? Yupo! Akaitwa. Anaingia, ni mwalimu wa nidhamu, fimbo kaiacha mlangoni. Nikaomba kuona daftari la unasihi. Jina la mpwa wangu, tarehe, na maneno mawili tu: "Ameshauriwa." Kitabu cha adhabu kina tarehe hiyo hiyo, viboko vinne. Hapo kanuni za viboko za 2002 (mwisho vinne) wamezifuata vizuri kweli, hawakuzidisha hata kimoja!

Sasa mtoto gani atamweleza huyo kwamba anamlilia mama yake usiku?

Na mwalimu mwenyewe simbebeshi yote. Ana vipindi vya Baiolojia, ana zamu, ana madaftari ya kusahihisha, unasihi kapachikwa tu. Ninaowalaumu ni waliopanga iwe hivyo. Afisa ustawi wa jamii tunaye, lakini anakaa halmashauri na foleni ya kesi za matunzo, ndoa, watoto wa mitaani, wazee wa msamaha wa matibabu. Shuleni anafika baada ya mtoto kubakwa au kujaribu kujiua. Na akijaribu kujiua, kwa sheria zetu hilo ni kosa la jinai, kwa hiyo polisi huenda wakamtangulia.

Ukutani pale ofisini wamebandika 116, simu ya bure ya mtoto. Bweni simu marufuku, ukikutwa nayo unasimamishwa. Apige na nini, kijiko?

Halafu Kijitonyama, Dar, pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii inatoa wahitimu kila mwaka. Wangapi wako mtaani wanauza vocha? Mpeni kila shule ya bweni mmoja, asiyefundisha, asiyeshika fimbo, mwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Anayejua kukaa na mtoto aliyefiwa, na kujua lini ampeleke hospitali ya mkoa badala ya kwenye maombi.

Najua watakuja wa "sisi tulichapwa na tukawa watu". Pita tu mkuu, uzi huu si wako.

Binti yuko kwangu sasa, anahudhuria kliniki, ameanza kula. Shule inataka barua ya kueleza utoro wake.

Kuna afisa ustawi humu aliyewahi kupangiwa kituo shuleni, si halmashauri? Ajitokeze aseme ni mkoa gani na mshahara unatoka fungu lipi. Nataka kwenda na hoja kwenye kikao cha wazazi.