Kwa nini shilingi yetu, iliyozaliwa sawa na ya Kenya, imeachwa nyuma hivi?

Muuza Vipuri, Ngamiani

Assalaam aleykum, na habari za kazi ndugu zangu. Nina duka dogo la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, Tanga, na sehemu kubwa ya mzigo wangu naitoa Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, kwa hiyo karibu kila mwezi hunilazimu kubadilisha shilingi zetu kuwa za Kenya. Mwezi Januari 2024 shilingi moja ya Kenya niliipata kwa takriban shilingi 16 zetu. Ilipofika Machi nikaambiwa 19 na ushei. Mnyororo ni uleule, muuzaji ni yuleyule, na bei yake ya Kenya haikubadilika hata senti moja, lakini kwangu mimi mzigo ulipanda karibu kwa moja ya tano, na vijana wa bodaboda wakaanza kuniita mlanguzi.

Baba yangu ananiambia kwamba mwaka 1966, nchi zetu zilipoachana na sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki, shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zilikuwa sawa kwa sawa, na dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi. Leo dola hiyohiyo haipatikani chini ya shilingi elfu mbili na mia kadhaa. Naomba wenye elimu wanieleze bila kuingiza vyama: ni kitu gani kinachoitafuna fedha ya nchi kama yetu mwaka hadi mwaka? Kama serikali ndiyo yenye noti, inashindwaje kutangaza kwamba kuanzia kesho dola ni shilingi 1,000 na yakaisha? Na tukikata sifuri tatu je?

Mwalimu wa Uchumi, Raskazone

Wa aleykum salaam. Niruhusu nianze na hiyo Machi ya 2024, maana hapo umeishitaki shilingi yetu kwa kosa ambalo haikulitenda. Ukitazama thamani ya shilingi ya Tanzania kwa dola kati ya Januari na Machi mwaka ule, utaona ilishuka kidogo tu, kutoka kama 2,520 hadi kama 2,550. Iliyotikisika ni ya Kenya, tena ilitikisika kwa kupanda. Wenzetu walikuwa na deni la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni 2024, na kwa muda mrefu wenye fedha waliogopa kwamba Kenya ingeshindwa, kwa hiyo kila mwenye shilingi za Kenya alikimbilia dola, na dola ikafika shilingi 160 za Kenya. Mwezi Februari serikali yao ilipofanikiwa kukopa upya dola bilioni 1.5 na kuanza kulilipa deni lile kabla ya siku yake, hofu iliondoka, waliokuwa wameficha dola wakazitoa, na katika muda wa wiki chache dola ikarudi hadi kama 130. Wewe ulikuwa katikati ya nchi mbili, ukadhani ni bahari iliyokupwa kumbe ni chombo cha jirani kilichoinuliwa.

Nimeanza hapo kwa makusudi, kwa sababu kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba thamani ya fedha dhidi ya fedha nyingine ni bei kama bei ya nyanya, na hupangwa na wanaoitaka na walio nayo. Nani anaitaka dola Tanzania? Anayeagiza mafuta ya petroli na dizeli, anayeagiza mashine, mbolea, dawa, magari na hiyo minyororo yako, pamoja na serikali inapolipa madeni ya nje. Nani anaileta? Mwenye kuuza dhahabu, ambayo ndiyo bidhaa yetu kubwa kuliko zote nje ya nchi, mtalii anayekwenda Serengeti na Unguja, mwenye korosho, tumbaku, kahawa, karafuu na mkonge, jirani asiye na bahari anayelipia mzigo wake bandarini, na ndugu zetu wanaotuma fedha kutoka ughaibuni. Kwa miaka mingi wanaoitaka wamekuwa wengi kuliko wanaoileta, na pengo hilo huzibwa kwa mikopo, misaada na wawekezaji. Siku ambayo mojawapo ya hivyo kinapungua, au mafuta yanapopanda kama yalivyopanda baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, shilingi hubeba mzigo wote.

Pana sababu ya pili, na kwa muda mrefu ndiyo iliyo nzito zaidi: mfumuko wa bei. Ikiwa bei za hapa zinapanda kwa asilimia 30 kwa mwaka na za Marekani kwa asilimia 4, basi shilingi imekwisha kupungua nguvu sokoni Mgandini kabla hata hujaifikisha kwenye duka la kubadilishia fedha. Kinachotokea huko ni kuandikishwa tu kwa jambo lililokwisha kutokea. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wetu ulikuwa karibu na hiyo asilimia 30, na chanzo kikubwa kilikuwa serikali kukopa kutoka Benki Kuu ili kuziba nakisi ya bajeti (pale matumizi yanapozidi mapato) na hasara za mashirika ya umma, yaani noti ziliongezeka ilhali sukari na sabuni hazikuongezeka. Linganisha na miaka ya karibuni, ambapo mfumuko umekaa karibu na asilimia 5 au chini yake: mwishoni mwa 2015 dola ilikuwa kama shilingi 2,150, na mwishoni mwa 2021 ilikuwa kama 2,300. Hiyo ni miaka sita mizima na shilingi imesogea kwa asilimia 7 hivi. Wanaosema kwamba shilingi huanguka bila kukoma hawaisimulii miaka hiyo.

Kuhusu kukata sifuri, Uganda walikwishajaribu kabla yetu. Mwaka 1987 walikata sifuri mbili, wakaanza upya na dola kwa shilingi 60. Leo dola kwao ni zaidi ya 3,000. Sifuri ni wino. Na Wajapani wanahitaji yeni zaidi ya 100 kuipata dola moja bila ya mtu yeyote kuwaita maskini. Cha kuangalia ni mwendo wa namba, si ukubwa wake.

Swali lako la serikali kutangaza bei namwachia mtu aliyeyaona kwa macho yake.

Karani Mstaafu, Muheza

Mwalimu amenitupia mpira, na mimi sitaukwepa. Mwanangu, hilo unalolipendekeza tulilifanya, tena kwa miaka karibu ishirini, na mkoa huu wa Tanga ndio uliolipa gharama kubwa.

Baba yako yuko sahihi juu ya mwaka 1966, lakini mwulize pia juu ya mwaka 1985. Wakati huo, kwa vitabu vya benki, dola ilikuwa kama shilingi 17 zetu na kama shilingi 16 za Kenya. Umeona? Karibu miaka ishirini baada ya kuachana, kwenye karatasi tulikuwa bado mapacha. Ila ungekwenda Horohoro, baada ya mpaka kufunguliwa tena mwishoni mwa 1983, hukumpata Mkenya hata mmoja wa kukupa shilingi yake kwa shilingi yako. Kwenye magendo dola iliuzwa kwa zaidi ya mara tano ya bei ya serikali. Kwa hiyo unaposema shilingi yetu iliachwa nyuma, elewa kwamba iliachwa nyuma katika miaka ile ambayo namba haikusogea. Tulikuja kuambiwa baadaye tu.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika shamba moja la mkonge. Fikiria, kwa mfano tu, tani ya singa, yaani nyuzi za mkonge, inauzwa Ulaya kwa dola 500. Dola zile hazikutufikia. Zilichukuliwa na benki, nasi tukapewa shilingi 17 kwa kila dola, yaani shilingi 8,500. Lakini mfanyakazi wangu alinunua kanga, sabuni na mafuta ya taa kwa bei ya walanguzi, ambayo ilikwenda na dola ya magendo, na mkanda wa korona, ile mashine ya kusindika mkonge, ulipokatika tuliomba kibali cha fedha za kigeni cha kuagiza mwingine na tukasubiri miezi, majani yakikauka shambani. Kila tani tuliyoisindika ilikuwa hasara, na kadiri tulivyosindika zaidi ndivyo hasara ilivyozidi. Kilichofuata kinajulikana na kila mtu wa Korogwe, Muheza na Pangani: mkonge uliachwa ukaota miti, manamba, yaani vibarua wa mashambani, wakawa wakulima wa mahindi kandokando ya reli. Nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa ikitoa kama moja ya kumi ya hizo.

Sitaki kudanganya kwamba ni dola peke yake iliyoua mkonge. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni zikashusha bei, mashamba yalitaifishwa na mengine yakaendeshwa ovyo, mafuta yakapanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kisha tukapigana vita vya Kagera ambavyo gharama yake ilitukaa shingoni miaka mingi. Lakini katika mambo hayo yote, bei ya dola tuliipanga sisi wenyewe kwa mkono wetu, tukiamini tunailinda shilingi. Tulikuwa tunamtoza kodi mwenye kuleta dola na kumpa zawadi aliyebahatika kupata kibali cha kuitumia. Sasa kama mwenye kuleta anaadhibiwa, nani ataleta?

Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa madarakani, tulifikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola ikapandishwa kutoka kama 17 hadi 40 kwa muda mfupi. Watu walilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Kisha ikaachwa iendelee, na mwaka 1992 ikaruhusiwa kufunguliwa maduka ya kubadilishia fedha, na sabuni ikarudi madukani, ingawa kwa bei iliyotufanya tuitazame kwanza kabla ya kuinunua. Ukitangaza leo dola kwa shilingi 1,000, duka lako la vipuri litakuwa la kwanza kufungwa, kwa sababu dola hizo utazisikia redioni tu.

Bi wa Moa

Shikamoo Mzee. Nimesoma kwa makini, ila pana jambo linalosemwa kwa wepesi kila mazungumzo haya yanapotokea, kwamba shilingi ikishuka mwenye kuuza nje anafaidi. Mimi nalima mwani na mume wangu ni mvuvi wa pweza, na vyote viwili huishia nje ya nchi, kwa hiyo kwa hesabu zenu tungepaswa kuwa matajiri. Bei ya mwani haipangwi na mnada. Huja wakala akatutajia, na miaka ile dola ilipopanda kutoka 2,300 hadi 2,700 bei yake kwetu haikupanda kwa kiasi hicho, bali petroli ya mashine ya boti ilipanda siku ileile. Faida ya dola hukaa kwa yule mwenye kuishika, nasi huku pwani hatuishiki. Sisemi bei ya dola ifungwe, nimeyaelewa ya Mzee, lakini nchi inayouza mwani usiosindikwa na kununua dawa ya meno iliyotengenezwa kwa mwani huo itapungukiwa dola hata mngefanya nini na benki.

Mwalimu wa Uchumi, Raskazone

Bi wa Moa amenisahihisha, na nakubali. Shilingi inaposhuka, faida hufika mara moja kwa mwenye mkataba wa dola, na kwa mzalishaji hufika pale tu ambapo wanunuzi ni wengi na wanashindana. Ndiyo maana pia korosho, inayouzwa kwa mnada, hufuata dola kwa karibu kuliko mwani wenye mnunuzi mmoja au wawili katika kijiji.

Muuza Vipuri, Ngamiani

Nashukuru sana. Shikamoo Mzee wangu wa Muheza. Nimemsomea baba, akacheka, akasema kweli mwaka 1985 alivaa kaptura moja mwaka mzima. Nina swali moja la kidukani kabla sijaondoka: mwaka 2024 nilisikia dola iko 2,700, na Desemba mwaka uleule nikasikia iko karibu na 2,400. Kama yote haya ni mambo ya mfumuko na urari wa biashara, yaani tofauti ya tunachouza na tunachonunua nje, mbona inapanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja?

Mwalimu wa Uchumi, Raskazone

Kwa sababu dola ina msimu kama dagaa. Miezi ya kwanza ya mwaka watalii hupungua kuanzia masika na mazao mengi yamekwisha kuuzwa, lakini mafuta yanaagizwa kama kawaida; kuanzia Julai watalii hurudi, tumbaku inalipwa, na Oktoba korosho huingia. Mwaka 2024 kuliongezeka mambo mengine: Benki Kuu ya Marekani ilianza kushusha riba zake mwezi Septemba baada ya kuziweka juu ya asilimia 5 kwa zaidi ya mwaka, bei ya dhahabu ilipanda, na Benki Kuu yetu ikanunua dhahabu ya ndani kwa shilingi ili kuongeza akiba yake. Waliokuwa wameficha dola wakingoja ifike 3,000 waliona inashuka, wakazimwaga zote sokoni kwa pamoja, nayo ikashuka zaidi.

Kwa duka lako, kama una nafasi ya kuhifadhi mzigo usioharibika, na mnyororo hauozi, jaribu kununua ule mkubwa kati ya Oktoba na Desemba na ule mdogo kati ya Machi na Juni. Lakini kabla ya kuvuka Horohoro, tazama bei mbili, ya dola kwa shilingi yetu na ya dola kwa shilingi ya Kenya, ndipo utajua ni nani kati ya hao wawili amesogea.