Swifti ya bei nafuu ya kukunjia skeini nyumbani: ninunue ipi?

MfumajiNyahururu

Habari zenu wafumaji. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nafuma sweta za watoto na shali, na kwa kazi za oda nimeachana kabisa na akriliki ya dukani. Nanunua sufu iliyosokotwa kwa mkono na kina mama wa huku kwetu. Wateja wakiishika tu wanajua tofauti. Shida ni kwamba sufu hii haiji ikiwa donge. Inakuja skeini: kitanzi kirefu kilichofungwa kwa kamba sehemu nne, kikapindwa, ncha moja ikapachikwa ndani ya nyingine. Skeini moja ni gramu 100 hivi, na shali ya mtu mzima inakula tatu au nne.

Zamani binti yangu ndiye aliyenishikia. Alikaa kwenye stuli, mikono mbele, mimi nakunja donge huku tunapiga gumzo. Sasa yuko shule ya bweni. Nimejaribu migongo ya viti viwili, uzi unanasa kwenye kila pembe. Nimejaribu magotini, nikifika katikati ya skeini mgongo unakataa. Na ukiharakisha, uzi unajifunga na jioni nzima inaishia kufumua mafundo.

Mtandaoni nimeona swifti, kile kifaa kinachozunguka kikiwa kimeshika skeini huku wewe unakunja donge. Za mwavuli, zinazofunguka kama mwavuli na kubanwa mezani, ni za aina mbili: ya mbao, na ya chuma na plastiki ambayo ni karibu nusu bei. Naishi chumba na sebule ndogo. Meza ni moja, ya kahawa, ubao wake ni mnene na una fremu iliyoshuka chini pande zote. Sina mashine ya kukunjia donge, nakunja kwa mkono. Bajeti ni shilingi 3,000, nikijibana sana 3,500, nauli ikiwa ndani. Ninunue ipi?

---

Sindano5 (Hamburg)

Dada, mimi nimetumia zote mbili, nikueleze nilivyoziona.

Ya mwavuli uzuri wake ni kwamba inafunguka kwa vipimo vingi. Unapachika skeini ikiwa imefungwa, unaisukuma juu hadi skeini ikae vizuri, unakaza skrubu. Ukimaliza unaikunja, inaingia hata kwenye kabati la nguo. Kwa nyumba ndogo hilo si jambo dogo.

Lakini ya chuma ya bei ya chini ina ugonjwa mmoja: ile pete inayoshikilia mwavuli usishuke. Inakazwa kwa skrubu ya plastiki, na skrubu ikishalika kidogo, mwavuli unateremka wenyewe skeini ikiwa juu. Kitanzi kinalegea, nyuzi za juu zinaangukia za chini, na hapo ndipo mafundo yanapozaliwa. Nilikuwa nafunga mpira mnene chini ya pete ili isishuke. Inasaidia kwa muda. Ya mbao inashika vizuri zaidi, ila angalia zile kamba ndogo zinazounganisha mbavu. Zikikatika moja unaweza kuibadilisha kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, zikikatika tano unaanza kujuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni meza yako. Kibano cha swifti hizi kinataka ubao ulio bapa juu na chini, na vingi haviumi ubao mnene. Fremu iliyoshuka itakizuia kuingia. Kabla ya kununua chochote, chukua rula upime unene wa meza pamoja na hiyo fremu, halafu umuulize muuzaji kibano kinafunguka sentimita ngapi. Asipojua, usinunue.

---

BibiSufu (Njoro)

Mwanangu wa Nyahururu, pole kwa mgongo. Na hongera kwa kununua sufu ya kina mama wa huku. Kazi ya kuosha, kuchana na kusokota manyoya ya kondoo ni kubwa, na anayeifuma vizuri ndiye anayeipa heshima yake.

Mimi nasokota na kufuma pia, kwa hiyo skeini nazijua toka pande zote mbili. Nikuambie wazi: kwa hali yako usinunue mwavuli, wala wa mbao wala wa plastiki. Tafuta fundi seremala mzuri akutengenezee swifti ya msalaba: mbao mbili zilizokingamana, zenye vigingi vinne vya kushikilia skeini. Mwavuli ni mzuri kwa mwenye meza ya kubana na mwenye mashine ya donge inayovuta kwa kasi moja. Wewe unakunja kwa mkono: unavuta, unasimama, unavuta tena. Swifti ya msalaba inayokaa bapa mezani au sakafuni haihitaji kibano, na haina pete ya kuteleza.

Ila kabla ya kwenda kwa fundi, pima vitanzi vyako. Fungua skeini, itundike kwenye msumari, ingiza kidole chini uivute kidogo inyooke, pima kutoka msumari hadi kidoleni, zidisha kwa mbili. Fanya hivyo kwa skeini za kila mama unayenunua kwake, maana hazilingani. Mwenye kifaa cha kukunjia hutoa kitanzi cha sentimita 140 au 180 hivi. Mwingine hukunja kwenye mgongo wa kiti. Mwingine hukunja kiganjani hadi kiwikoni, na hicho kitanzi ni kifupi sana. Skeini za viwandani zinazotoka ng'ambo nyingi ni yadi moja na nusu, yaani sentimita 137, au yadi mbili, sentimita 183. Swifti yako iweze kubeba kuanzia 90 hadi 190 na hutakwama.

Sasa mwambie fundi hivi. Mbao mbili za saipresi zilizokauka, kila moja urefu sentimita 72, upana 4, unene 2. Katikati kila moja ichongwe nusu ya unene, moja ilale ndani ya nyingine ili zote ziwe usawa mmoja. Asizipandishe tu na kupiga msumari. Msalaba usio na usawa unayumba, na ukiyumba uzi unapanda juu ya vigingi na kuchomoka. Tundu la bolti lipite katikati kabisa.

Kwenye kila mkono atoboe matundu kuanzia sentimita 16 kutoka katikati hadi 33 na nusu, kila baada ya sentimita 2 na nusu. Kigingi kikiwa sentimita 20 kutoka katikati, kitanzi ni 113. Kikiwa 25 ni 141. Kikiwa 30 ni 170. Kila sentimita moja unayosogea nje inaongeza karibu 6 kwenye kitanzi. Na ukikuta tundu moja linalegeza na linalofuata linakaza mno, sogeza vigingi viwili tu, vile vinavyotazamana, viwili vingine uviache. Utapata kipimo cha kati bila kutoboa tundu jipya.

Vigingi ni vinne, unene wa kidole, vichomoze sentimita 12 juu. Matundu yatobolewe yakiegemea nje kidogo, ili vigingi navyo viegemee nje, uzi usipande wakati unavuta. Visigundishwe. Vitoke kwa mkono, uweke vyote kwenye mfuko na msalaba uuegemeze nyuma ya mlango.

Na msasa, mwanangu. Hapa ndipo mafundi wetu wanapotuangusha, si kwa ubaya, wamezoea kutengeneza viti. Mtu hakai kwenye kiti akiwa amevaa uzi wa sufu mbichi. Anze na namba 120 amalizie na 240, hasa vichwa vya vigingi na midomo ya matundu. Ukienda kuichukua beba kile kitambaa chepesi cha shifoni, kipitishe kila mahali taratibu. Kikinasa hata uzi mmoja, mrudishie aendelee. Usione haya, unamlipa. Usikubali paini yenye utomvu, na vanishi ikipakwa ikae hadi harufu iishe kabisa, kwa sababu sufu inashika harufu.

---

Seremala_Makete

Nawasalimu wote. Mimi ni fundi, mke wangu ndiye mfumaji. Makete ni baridi, sweta hapa si mapambo.

Aliyosema Bibi ni sahihi yote, naongeza kitu kimoja: swifti nzuri au mbaya inaamuliwa na pale katikati inapozungukia. Bolti ndani ya tundu la mbao itazunguka mwanzoni, baadaye mbao inalika, inapata mchezo na kuanza kulia. Mtu akitaka kubaki kwenye bolti, aweke washa mbili za chuma kati ya msalaba na kitako, yaani ubao wa chini unaoubeba, na apake nta ya mshumaa kati ya washa hizo. Mafuta hapana, yatarukia uzi.

Ila mimi nilitumia habu ya gurudumu la mbele la baiskeli. Mafundi baiskeli wanazo zilizotolewa kwenye ringi zilizopinda, wanauza kwa bei ya chuma chakavu. Unahakikisha gololi na koni ni nzima, unafuta grisi yote ya nje kwa kitambaa na mafuta ya taa, unaiacha ikauke. Ekseli ya chini inapita kwenye kitako na kukazwa kwa nati. Msalaba unalala juu ya ile sahani ya habu yenye matundu ya spoki, unaufunga kwa skrubu ndogo kupitia matundu hayo hayo. Tundu la katikati ya msalaba litobolewe pana kuliko nati ya juu, ili mbao isiguse nati wala koni. Ikigusa, itakuwa inafungua nati kila ikizunguka.

Kitako kiwe kizito. Mimi nilitumia kipande cha mkaratusi, upana sentimita 30 kwa 30, unene 5. Chini nimebandika mpira wa tyubu ya zamani ili kisiteleze.

---

MfumajiNyahururu

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimepima meza: ubao na fremu pamoja ni sentimita 7. Kibano hakiingii, kwa hiyo mwavuli nimeuondoa kichwani.

Vitanzi nimevipima pia. Vya mama mmoja ni 138 hadi 142, vya mwingine ni 96, kumbe huyo ndiye wa kiwikoni! Fundi wa hapa stendi ameniambia shilingi 1,800 kwa msalaba, vigingi na kitako, habu nimletee mwenyewe. Nimemwonyesha maelezo ya Bibi kwenye simu, akaomba nimwandikie kwenye karatasi.

Swali kwa fundi: habu inazunguka sana. Nikisimama kuvuta, si itaendelea kuzunguka yenyewe imwage uzi?

---

Seremala_Makete

Itamwaga, umeuliza vizuri. Habu ya baiskeli ikiachiwa inakimbia. Weka breki nyepesi: ukanda wa blanketi la zamani, upana wa vidole viwili, uupigilie kwenye kijiti kidogo kilichosimama juu ya kitako, ncha yake iguse mwili wa habu kutoka pembeni. Uguse tu, usibane. Jaribu hivi: zungusha msalaba kwa kidole mara moja. Ukienda duru moja kisha ukasimama, umepatia. Ukienda tatu, sogeza kijiti karibu zaidi. Usipotimiza hata nusu, umebana mno na utakuwa unauvuta uzi hadi unakonda.

---

BibiSufu (Njoro)

Hilo la uzi kukonda lisikilize sana. Sufu ya mkono ina hewa ndani yake, ndiyo inayoleta joto. Ukiivuta kwa nguvu na kuikunja donge gumu, halafu likakaa kabatini miezi, inalala. Kunja juu ya vidole vyako vitatu au vinne, kisha chomoa vidole na ugeuze donge, uendelee. Nafasi ya vidole inabaki ndani na donge linakuwa laini. Tena usikunje skeini zote siku moja. Kunja ile unayokwenda kuifuma, nyingine ziache zilivyo.

Siku ya kwanza ya swifti yako fanya taratibu. Usikate kamba yoyote kabla skeini haijakaa kwenye vigingi. Ifungue ile mipindo, ingiza mikono miwili ndani ya kitanzi, ikung'ute mara mbili tatu ili nyuzi zijipange. Ivishe, sogeza vigingi hadi ikae bila kulegea na bila kukaza. Zile kamba nne zikague: zikionekana zimejizungusha kwenye kigingi, skeini imepinda, ivue uivishe tena. Kisha kata kamba tatu za kawaida. Ya nne ndiyo iliyofungwa pamoja na ncha mbili za uzi wenyewe, ikate mwisho. Utapata ncha ya nje na ya ndani. Anza na ile inayotoka juu bila kupita chini ya nyuzi nyingine.

Na yule mama wa sentimita 96, akikubali, mtengenezee kifaa cha kukunjia. Fundi wako akishachonga msalaba, kipande cha mbao kitakachobaki kinatosha: mti mmoja wa katikati wa sentimita 30 na vijiti viwili kwenye ncha zake, kimoja kikikingama na kingine. Ukipima vizuri kitampa kitanzi cha 140 kila mara, naye atajua hasa amesokota mita ngapi. Mwambie ahesabu mizunguko 70, hiyo ni mita 98.

---

MfumajiNyahururu

Nitamwambia Jumamosi nikienda kuchukua sufu. Habu nimeshapata, ya baiskeli ya Black Mamba, gololi zote ziko sawa. Fundi anaanza kesho, na shifoni nimeshaiweka kwenye mkoba.