Tupeane uzoefu: Kislovenia na Kijapani umezisikia wapi nje ya nchi zake?

Wakuu, salaam. Niko Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, kimasomo, mdogo wangu yuko Osaka, na kila tukipigiana simu tunaishia kulinganisha lugha tulizozikuta. Kijapani kina wasemaji zaidi ya milioni 120, Kislovenia kama milioni 2.5. Ila tazama ramani: hiki kidogo ndicho kilicho na wenyeji wake Italia, Austria na Hungaria, katika vijiji ambavyo watu hawakuhama popote, mpaka ndio uliohamishwa. Kijapani kimezungukwa na bahari, kikitoka kinatoka na meli. Mlioishi maeneo hayo, semeni mlichosikia kwa masikio yenu.

Mdau wa Trieste
Mimi nilikuwa Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Waafrika wengi wa fani hii wamepita pale. Nilipanga chumba Opicina, juu ya mji, ambako vibao vinaandika pia Opčine. Mama mwenye nyumba aliongea na wanawe Kislovenia, akinigeukia mimi Kiitaliano. Wajukuu walikuwa shule ya serikali ya Italia inayofundisha kwa Kislovenia.

Siku moja akanipeleka mjini kunionyesha Narodni dom. Ilikuwa nyumba ya utamaduni ya Waslovenia, mafashisti wakaichoma tarehe 13 Julai 1920. Baadaye shule zao zilifungwa na majina ya ukoo yakageuzwa ya Kiitaliano, la babu yake likiwemo. Tarehe 13 Julai 2020, miaka 100 kamili, marais wa Italia na Slovenia walikutana Trieste, ukatiwa saini mkataba wa kulirudisha jengo kwa Waslovenia. Na jengo hilo kwa miaka mingi limekuwa la chuo kikuu, wanasomea humo wakalimani! Mama yule alisimama mlangoni muda mrefu bila kusema kitu.

Mdau wa Klagenfurt
Huku Austria kidonda kilikuwa vibao vya barabarani. Kura ya maoni ya Oktoba 1920 iliibakiza kusini mwa Carinthia, jimbo linalopakana na Slovenia, upande wa Austria badala ya ufalme uliokuja kuitwa Yugoslavia, na Waslovenia wengi tu waliipigia Austria. Mkataba wa 1955, ulioirudishia Austria uhuru wake, uliwaahidi vibao vya lugha mbili. Vilipowekwa 1972, watu wakaving'oa. Makubaliano ya kuweka vibao hivyo katika vijiji na miji 164 yalipatikana 2011. Nilifanya kazi na kijana wa huko, nyumbani kwao wazee wanaongea Kislovenia, yeye anajibu Kijerumani. Anaelewa kila kitu. Inaniuma, maana watoto wetu wengi ughaibuni wanajibu hivyo hivyo.

Mdau wa São Paulo
Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko São Paulo. Meli Kasato Maru ilifika bandari ya Santos tarehe 18 Juni 1908 na Wajapani waliokuja kulima kahawa, na leo Brazili ndiyo yenye watu wengi kabisa wa asili ya Kijapani nje ya Japani. Mtaa wa Liberdade una taa zao na maduka yao. Lakini Kijapani nilikisikia kwa wazee. Bosi wangu dukani ni kizazi cha tatu, anaongea Kireno tupu. Alinieleza kwamba mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas ilizibana shule za lugha za kigeni, halafu vita vikaja.

Mdau wa Gunma
Mdau wa São Paulo, hadithi yako ina sehemu ya pili huku. Sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa 1990, wajukuu wa hao wakulima wa kahawa walirudi Japani kufanya kazi viwandani. Njoo Oizumi uone: sura za Kijapani, Kireno mdomoni, mabango ya maduka kwa Kireno. Mimi nauza magari ya mitumba, na wateja wangu wa hapo tulielewana kwa Kijapani cha kuungaunga, wao na mimi sawasawa.

Mdau wa Osaka
Kaka, ongeza na Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki. Kisiwa cha Angaur kimekitaja Kijapani katika katiba yake kuwa lugha rasmi, kwa sababu Japani ilivitawala visiwa hivyo hadi Vita Kuu ya Pili. Katiba ya Japani yenyewe haitaji lugha rasmi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Wa Cleveland, Ohio, mko wapi? Waslovenia wengi walihamia huko. Na kuna yeyote aliyefika Szentgotthárd, Hungaria? Waslovenia wa kule ni wachache mno, nataka kujua kama watoto bado wanakiongea mtaani.