Dakar: DSS si Yoff, na hesabu ya kurudi uwanjani

Wana kundi, kwa wanaoshuka Dakar kutoka Nairobi: tiketi zinasema DSS, hoteli inataja uwanja wa ndege wa Yoff. Ni ule ule? Na mbona kodi ya tiketi ni nzito hivi?

Jibu: Si ule ule, dada. Yoff (DKR) uliachia safari za abiria tarehe 7 Desemba 2017. DSS ni Blaise Diagne, uko Diass, kilomita 47 hivi kutoka katikati ya Dakar. Hoteli ikikuambia "dakika kumi kutoka uwanjani", tangazo lake limechacha.

Barabara ya kulipia inakwenda vizuri; muda unaliwa jijini. Dakar imekaa kwenye rasi, magari yote yanapita shingo moja. Ndege ikiwa ya saa tano usiku, toka hotelini saa kumi na mbili jioni: saa mbili za njiani, tatu za uwanjani. Kwa teksi, patana kabla mizigo haijapanda, uliza kama "péage" (ada ya barabara ya kulipia) imo kwenye bei. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Shilingi ziacheni nyumbani, bebeni euro. Kiwango hakipandi wala hakishuki: euro 1 ni faranga za CFA (pesa ya Senegal) 655.957, kwa hiyo ukipewa 620 unajua umekatwa ngapi. Noti za CFA za Kamerun au Gabon zina thamani hiyo hiyo, lakini dukani Dakar hazipokelewi.

Jibu: Kuhusu kodi: kuna tozo ya kujengea uwanja, iliyoanza 2005. Jiwe la msingi likawekwa 2007, kampuni ya ujenzi ya Saudi Binladin ikaanza, kampuni za Summa na Limak za Uturuki zikamalizia. Waliopanda ndege Yoff miaka yote hiyo walilipia uwanja wasiouona!

Njia ya kurukia ni moja, mita 3,500. Mei 2024 Boeing 737 ilipopitiliza mwisho wa njia ikijaribu kupaa, uwanja ulifungwa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo msinunue tiketi mbili zisizounganishwa na kuachia saa mbili tu katikati. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea na hakuna wa kumdai.

Jibu: Niongeze: kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, isiingie kwenye begi la chini. Anayetoka Kenya au Uganda huulizwa. Wa Tanzania ataulizwa akirudi nyumbani, kwani Senegal imo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo.